Faili Lipi Lianze: Uzoefu wa Meza ya Mashtaka Malindi

Yanapotajwa mageuzi ya haki ya jinai, fikira za wengi huenda Bungeni, Mahakama ya Juu, au kwenye tume zinazozunguka nchi zikikusanya maoni. Mimi nimefanya kazi ya kuongoza mashtaka Malindi, baada ya kuianzia Lamu nilikokulia, na nimeona kwamba sehemu kubwa ya mageuzi hayo huamuliwa kabla ya saa tatu asubuhi, ndani ya chumba chenye meza mbili na feni iliyochoka, pale kiongozi wa mashtaka anapoyafungua mafaili yaliyoletwa na polisi na kuamua lipi liingie kortini siku hiyo, lipi lirudi kwa mpelelezi likakamilishwe, na lipi lisiingie kabisa. Mengine yote anayoweza kuyafanya, kuanzia masharti ya dhamana hadi adhabu anayoiomba, huufuata uamuzi huo.

Mamlaka yenyewe si yake binafsi. Kifungu cha 157 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kilimpa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma uwezo wa kuanzisha kesi ya jinai, kuichukua iliyoanzishwa na mwingine, na kuisitisha kwa idhini ya mahakama, kikamtaka azingatie maslahi ya umma, maslahi ya utoaji haki na haja ya kuzuia matumizi mabaya ya mkondo wa sheria. Sisi wa mashinani tunafanya kazi kwa jina lake. Hapo ndipo tunapotofautiana na wenzetu wa Marekani, ambako kiongozi wa mashtaka wa eneo aghalabu huchaguliwa kwa kura na anaweza kusimama mbele ya watu akatangaza orodha yake. Kim Foxx, aliyechaguliwa mwaka 2016 kusimamia mashtaka ya Chicago na viunga vyake, alitangaza kwamba kwa kawaida ofisi yake haitauhesabu wizi wa dukani kuwa kosa kubwa ikiwa mali haizidi thamani ya dola 1,000, ilhali sheria ya jimbo iliweka mpaka huo kwenye dola 300. Larry Krasner, aliyechaguliwa Philadelphia mwaka 2017, aliorodhesha makosa 25 ambayo ofisi yake haingeomba mshtakiwa atozwe dhamana ya fedha. Habari hizo nilizisoma kwa wivu kidogo. Kiongozi wa mashtaka wa Malindi akiamka na tangazo la namna hiyo leo, kesho atapokea barua ya kujieleza na keshokutwa ya uhamisho. Hata hivyo, kadiri nilivyokaa ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba orodha ya makosa isingetufaa hata kama tungeruhusiwa kuitangaza, kwa sababu huku kwetu uzito wa kosa haulingani sana na jina lililoandikwa kwenye hati ya mashtaka.

Jumatatu ndiyo siku ya kuliona hilo. Mwisho wa juma polisi huwa wamefanya misako, seli zimejaa, na mafaili yanayoletwa ni membamba: hati ya mashtaka, maelezo ya afisa aliyekamata, na basi. Mama aliyekutwa akiuza mnazi bila leseni. Vijana waliolewa wakapiga kelele karibu na stendi. Mwenye misokoto miwili ya bangi. Mkaazi wa kando ya msitu wa Arabuko Sokoke aliyekamatwa na mzigo wa kuni. Nakumbuka Jumatatu moja kielelezo cha kesi ya mnazi kililetwa pamoja na faili, dumu la manjano la lita ishirini lililozibwa kwa karatasi ya nailoni, na kwa kuwa mnazi haungoji hakimu, uliendelea kuchacha pale sakafuni, ukainua nailoni na kumwaga povu hadi chini ya meza ya karani. Harufu ilikaa mpaka Jumatano. Mwenye dumu alikuwa mjane aliyeketi kwenye benchi la nje na mtoto mgongoni, naye alikuwa amelala kituoni tangu Jumamosi kwa kosa ambalo, likithibitishwa, lingeishia kwenye faini.

Ukaguzi wa mfumo wa haki ya jinai uliofanywa chini ya Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki na kutolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba makosa madogo ya aina hii ndiyo yaliyokuwa yakijaza korti na seli nchini kuliko yale makubwa, na aliyewahi kukaa kwenye meza yetu hakuwa na cha kushangaa. Jambo ambalo halionekani kwenye takwimu ni saa zinazopotea. Kesi ya ulevi huchukua dakika chache tu: mashtaka yanasomwa, mkalimani anayageuza kwa Kigiriama, mshtakiwa anakubali, faini inatajwa. Zikiwa thelathini, asubuhi imekwisha, na shahidi wa kesi ya wizi wa mabavu aliyetoka Baricho kwa matatu ya alfajiri anaambiwa kwamba korti haina nafasi, arudi mwezi ujao. Yeye hulipa nauli kutoka mfukoni mwake. Safari ya tatu haji tena, na kesi ya wizi wa mabavu inakufa huku ile ya mnazi ikiwa imekamilika vizuri kabisa.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililolishikilia lilikuwa kuzirudisha saa hizo. Sheria ya kufanya hivyo ipo. Miongozo ya uamuzi wa kushtaki ya mwaka 2019 inatutaka tujiulize kwanza kama ushahidi unatosha, kisha kama umma unafaidika na kesi hiyo. Ukilifanya swali la pili kwa dhati badala ya kulipigia muhuri, faili nyingi za Jumatatu hazipiti. Kifungu cha 49 cha Katiba kinakataza kumweka mtu rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita. Kwa ugomvi wa majirani uliofikia makofi, kifungu cha 176 cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai kinairuhusu mahakama kuwasuluhisha. Kilichokosekana kilikuwa mazungumzo na wakuu wa vituo. Nilikwenda kituo kwa kituo, na sikuwapelekea waraka, kwa sababu waraka unaotoka kwa mashtaka kwenda polisi husomwa kama shutuma. Niliwaeleza kwamba faili lisiloingia kortini si aibu kwa aliyekamata, na kwamba onyo lililoandikwa kwenye kitabu cha matukio, au dhamana ya polisi inayotolewa Jumamosi hiyohiyo, inatosha kwa mengi.

Hawakukubali wote. Mmoja aliniambia, kwa adabu zote, "Madam, wakubwa wangu huuliza nimekamata wangapi. Hawaniulizi nimewaachilia wangapi." Alikuwa na haki. Afisa hupimwa kwa idadi ya waliokamatwa, na ofisi yetu hupimwa kwa asilimia ya waliopatikana na hatia. Walevi thelathini wanaokubali kosa asubuhi moja huipandisha asilimia hiyo vizuri sana. Ninaamini mageuzi yoyote yasiyogusa namna tunavyopimana yatarudi nyuma siku ambayo mwenye kuyasimamia atahamishwa. Niliomba ripoti yetu ya mwezi itenganishe kesi zilizokwisha kwa mshtakiwa kukubali kosa na zile zilizosikilizwa hadi mwisho, na nikaanza kuzitenga mwenyewe kabla sijajibiwa. Zilipotengwa, ilikuwa vigumu kwa yeyote aliyeiona karatasi hiyo kusema kwamba tulikuwa tukifanya vizuri.

Jambo la pili lilikuwa gerezani. Kamati ya Watumiaji wa Mahakama huwakutanisha mahakimu, mashtaka, polisi, magereza, maafisa wa probesheni, mawakili na wawakilishi wa wananchi, na mahali penye mikutano iliyochangamka inaweza kufanya kazi ambayo sheria mpya haiwezi. Tuliiomba magereza ituletee kila mwezi majina ya mahabusu wote wa Malindi, yakiwa yamepangwa kwa muda waliokaa, wala si kwa namba ya kesi. Mpangilio huo tu ulitosha. Juu kabisa ya orodha walikuwa washtakiwa wa mauaji, kama ilivyotarajiwa, lakini katikati yao alikuwepo mtu wa wizi wa mbuzi aliyekwisha kukaa ndani muda unaokaribia adhabu ambayo pengine angepewa, kwa kuwa masharti ya dhamana yalimtaka mdhamini mwenye hati ya shamba. Katika Pwani hii, ambako koo nzima zimeishi mahali vizazi na vizazi bila karatasi yoyote, kumwambia mtu alete hati ya shamba ni sawa na kumnyima dhamana kwa lugha ya heshima. Mashtaka hayatoi dhamana, lakini hakimu anayesikia upande wa mashtaka ukisema haupingi, na ukipendekeza barua ya chifu na kuripoti kituoni mahali pa hati, mara nyingi husikiliza.

Kule Lamu jambo hili lina sura yake. Ngome iliyo katikati ya mji ilikuwa gereza hadi 1984, na wazee wetu wanasimulia jinsi jamaa walivyokuwa wakipita sokoni na chakula cha mfungwa kana kwamba wanampelekea mgonjwa wa jirani. Siku hizi gereza liko Hindi, upande wa bara, na mwenye ndugu rumande ambaye anatoka Kizingitini hulipa boti hadi Mokowe kisha gari. Nalitaja kwa sababu mtu anayetembelewa hupata wakili, mdhamini na habari za kesi yake kwa haraka kuliko asiyetembelewa, na kiongozi wa mashtaka anayepanga nani aangaliwe mwanzo ni vyema awaanze wale ambao kwao ni ng'ambo ya maji.

Narudi sasa kwenye ile sababu ya kuiogopa orodha. Katika kundi moja la mafaili membamba kutoka upande wa Magarini kulikuwa na shtaka la kuzua rabsha, la kijana aliyedaiwa kusimama kwenye kitalu cha mjomba wake akitukana. Kwa orodha yoyote ya makosa madogo lingekwenda chini ya rundo. Ukurasa wa pili wa maelezo ya mzee, ulioandikwa kwa mkono wa konstebo aliyekuwa na haraka, ulikuwa na sentensi inayosema kwamba kijana alimwambia watu wote wanajua ni nani aliyemuua mtoto wa kaka yake kwa uchawi, na kwamba hataziona mvua za masika. Wakaazi wa kaunti ya Kilifi wanajua maana ya maneno hayo. Wazee wamekuwa wakiuawa kwa kusingiziwa uchawi kwa miaka mingi, hasa Ganze, Magarini na maeneo ya jirani, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hiyo kuna shamba ambalo vijana wanataka kuliuza na mzee amekataa.

Nililirudisha faili siku hiyohiyo. Sheria ya Uchawi, ambayo ni ya tangu 1925 na ambayo mawakili wengi huicheka, inamtia hatiani mtu anayemtuhumu mwenzake kuwa mchawi, isipokuwa amepeleka tuhuma hiyo kwa afisa wa serikali. Na Kanuni ya Adhabu inalihesabu tishio la kuua kuwa kosa kubwa. Mpelelezi alikwenda kuandikisha maelezo ya majirani, mashtaka yakabadilishwa, na dhamana ikatolewa kwa sharti kwamba kijana akae kwa jamaa zake wa mbali na asikanyage kitongoji kile. Mzee alikuja kutoa ushahidi mwenyewe, akiegemea bakora, akaulizwa na wakili wa mshtakiwa kama kweli si mchawi, na hakimu akalikataa swali. Tangu hapo nilielewana na vituo kwamba faili lolote la rabsha, matusi au uharibifu wa mali ambalo mlalamishi wake ni mzee na mshtakiwa ni wa ukoo wake lije kwangu limefunguliwa, na likae pamoja na mafaili ya mauaji. Kesi ya mauaji ya mzee ni ngumu mno kuithibitisha, kwa sababu mashahidi ni watoto wake na washukiwa ni watoto wake. Sheria ya Kulinda Mashahidi ya 2006 ipo, lakini huwezi kuuhamisha ukoo mzima. Tishio linathibitika. Kwa maoni yangu hapo ndipo nguvu ya mashtaka inapookoa mtu badala ya kumhesabia maiti.

Shakahola, msitu wa kaunti hii ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walikufa kwa kufunga chakula, ilitufundisha hilo kwa namna ambayo hakuna aliyeitaka. Miili iliyofukuliwa katika msitu ule tangu Aprili 2023 ilizidi 400. Mwezi mmoja kabla, mhubiri anayeshtakiwa alikuwa amekwisha kukamatwa kuhusu vifo vya watoto wawili na kuachiliwa kwa dhamana. Mashtaka dhidi yake na wenzake ni kazi ya mahakama kuyaamua, na sitayagusa. Ninachokizungumzia ni mafunzo ambayo watu waliyachota haraka. Katika majuma yaliyofuata nilisikia, hata kutoka kwa watu wa taaluma, kwamba sasa dhamana ibanwe kwa kila mtu, na mahabusu wa wizi wa mbuzi akawa anaulizwa maswali kana kwamba naye ana msitu. Kubana kote ni uvivu uleule wa kuachilia kote. Lililohitajika, na linalohitajika hadi leo, ni mtu mwenye muda wa kulisoma faili hadi ukurasa wa mwisho na kuuliza: watoto wengine wako wapi? Muda huo haupatikani kwa mtu mwenye walevi thelathini mezani.

Sehemu iliyonichukua nguvu nyingi kuliko zote ni kesi za unajisi. Hapa sheria ni kali, na kwa sehemu kubwa inastahili: chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kumnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake ni kifungo cha maisha, wa miaka 12 hadi 15 ni miaka isiyopungua 20, na wa miaka 16 hadi 18 ni isiyopungua 15. Lakini kesi hizi hufa kabla ya kufika kortini, na zinauliwa barazani. Wazee watatu walinijia ofisini siku moja, wakiwa na mjomba wa msichana, na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne yenye alama za dole gumba chini yake. Niliwaamkia, nikawapa viti. Aliyekuwa msemaji wao alianza kwa upole: "Mwanangu, sisi tumekaa tukaelewana. Mbuzi wametoka, na kijana amekubali kulea. Tunaomba utufungie hili faili, nyumba mbili zisivunjike."

Nilimwambia, "Babu, hata mimi sina ruhusa ya kulifunga. Sheria inasema ni Mkurugenzi mwenyewe Nairobi anayeweza kusema kesi ya aina hii isiendelee." Ndivyo kinavyosomwa sasa kifungu cha 40 cha sheria hiyo, na nilikitumia mara nyingi kama kinga: kinamtoa kiongozi wa mashtaka wa mashinani kwenye ugomvi na jamaa na kuupeleka uamuzi mahali ambapo mbuzi hawafiki. Kisha nikamuuliza mjomba msichana alikuwa wapi. Alinyamaza. Alikuwa amepelekwa kwa shangazi yake Mombasa, na tarehe ya kusikilizwa ilikuwa imebaki miezi miwili.

Kwa hiyo utaratibu tuliouweka ulihusu muda zaidi ya maneno. Kesi ya mtoto ilipewa tarehe ya karibu kuliko zote, na mtoto akawa shahidi wa kwanza, kabla hajahamishwa, hajajifungua, wala hajachoka. Fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza matokeo ya uchunguzi wake, ilikaguliwa siku inapoletwa, maana daktari aliyeijaza akihamishiwa Wajir utamtafuta mwaka mzima. Uthibitisho wa umri, ambao ndio unaoangusha kesi nyingi katika vijiji ambako vyeti vya kuzaliwa ni vichache, ulianza kutafutwa siku ya kwanza: kadi ya kliniki, kumbukumbu za shule, maelezo ya mama, na ikibidi tathmini ya daktari. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani katika makosa haya kwa ushahidi wa mtoto peke yake, mradi imeridhika kwamba anasema kweli na imeandika sababu, lakini hakuna kifungu kinachoweza kuuziba ushahidi wa umri usiokuwepo.

Na kuna upande wa pili ambao wenzangu wengine hawapendi kuuzungumza. Mvulana wa miaka 17 na msichana wa miaka 16 waliokutana kwenye disko matanga wakapendana, wote wawili wakiwa watoto machoni pa sheria, huletwa chini ya kifungu kilekile kinachomhusu mtu mzima anayewanunulia watoto chipsi karibu na hoteli za ufuoni. Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2024 kwamba majaji na mahakimu hawawezi kushuka chini ya kima kilichowekwa na sheria hii. Maana yake, kwa mtu mzima, ni kwamba aliyeamua mashtaka ndiye aliyeamua kifungo, kwa sababu huruma ya korti imewekewa sakafu. Na kwa kijana, mlango uliobaki ni Sheria ya Watoto ya 2022, ambayo iliinua umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12 na kuweka utaratibu wa kumtoa mtoto kwenye mkondo wa korti kabla hajazama. Nilitumia mlango huo kwa wenye umri unaokaribiana, baada ya afisa wa watoto kuzungumza na msichana bila jamaa kuwepo. Kwa mtu mzima sikuutafuta mlango wowote.

Kuhusu unga, yaani heroini, Malindi ina bahati ambayo miji mingi haina. Hospitali ya serikali ina kliniki ya methadone, miongoni mwa zile za mwanzo nchini, kwa hiyo kumwelekeza mraibu kwenye tiba badala ya korti si maneno matupu. Lakini dawa hiyo hunywewa kila siku, mbele ya mhudumu, na mgonjwa aliyekamatwa Ijumaa kwa kosa la uzururaji akikosa kipimo hadi Jumatatu huja kortini akitetemeka na, akiachiliwa, humtafuta muuzaji kabla ya kliniki. Tuliomba jambo dogo: anayeonyesha kadi ya kliniki apelekwe kunywa dawa, hata akiwa chini ya ulinzi. Vituo vingine vilikubali na vingine vilisema havina gari. Wauzaji ni habari nyingine, na huko tulikaza, ingawa sampuli hupelekwa kwa Mkemia wa Serikali Mombasa na majibu huja kwa mwendo wake.

Mashauri ya ardhi nayo huvaa nguo za jinai. Mlalamishi huja na hati na wakili, washtakiwa huja na miembe na mikanju iliyopandwa na babu zao, na shtaka ni kuingia kwenye ardhi ya mtu bila ruhusa. Sheria hairuhusu kulikataa faili kwa sababu tu kuna kesi ya madai kuhusu ardhi hiyohiyo. Kifungu cha 193A cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai kinasema yote mawili yanaweza kwenda pamoja. Basi sikuyakataa. Nilitaka kwanza maelezo ya afisa wa ardhi kuhusu historia ya hati, yaliyoapwa, na ninaweza kusema kwamba sharti hilo lilipunguza hamu ya baadhi ya walalamishi kuitumia korti ya jinai kama mtarimbo wa kuwang'olea watu. Makosa ya barabarani sina la kusema juu yake ila kwamba yalipewa siku moja ya juma na hayakuonekana siku nyingine.

Yote haya yana gharama, na gharama iliyonishinda ni ya mashahidi. Tulipokwisha kupunguza mafaili ya Jumatatu, asubuhi zilipatikana, na ndipo ilipodhihirika kwamba asubuhi peke yake haitoshi: mama wa marehemu anayetoka Kiunga kwenda Mahakama Kuu ya Garsen anahitaji boti, kisha kiti kwenye basi ambalo, kwa miaka mingi, limekuwa likipita barabara ya Lamu kwa msafara wa ulinzi, kisha mahali pa kulala. Mwenzangu aliyepokea ofisi aliniuliza, tukiwa tunakabidhiana, ni makosa gani ambayo mimi siyashtaki, apate kuendelea nayo. Nilimwambia hayapo, nikampa jedwali la kesi nzito lenye safu ya ziada niliyoiongeza mwenyewe: shahidi yuko wapi, atakuja kwa chombo gani, na nani atalipa. Safu ya mwisho ilikuwa tupu karibu mistari yote. Tulikaa pamoja hadi jioni tukiandika ombi la fedha hizo, la kesi moja moja, tukianza na zile ambazo shahidi wake ni mmoja tu.